Kati ya Mwamba Mweupe na Majani ya Posidonia: Siku Nane Pwani ya Sisilia

Siku ya kwanza: Realmonte

Tuliondoka Agrigento kabla jua halijachomoza, watu wanne ndani ya gari moja: mwalimu wetu wa mikropaleontolojia, yaani elimu ya visukuku vidogo, wanafunzi wawili wenyeji wa kisiwa hiki, na mimi niliyetokea Unguja kuja kusoma viumbe ambao kwetu nilikuwa nikiwakanyaga kila siku pasipo kuwajua. Lengo la safari lilikuwa kuchukua sampuli za aina mbili, yaani foraminifera walio hai katika sakafu ya bahari ya leo, na visukuku vya jamaa zao vilivyomo katika miamba ya pwani hiyohiyo, ili tupate kuwasoma pamoja. Foraminifera ni viumbe wa seli moja wanaojijengea gamba lenye vyumba, na wengi wao huwa wadogo kuliko punje ya uwele. Wapo wanaoelea majini na wapo wanaoishi chini, juu ya mchanga, ndani ya tope, kwenye mwamba au kwenye majani.

Kituo chetu cha kwanza kilikuwa karibu na Scala dei Turchi, jabali jeupe linaloshuka baharini kwa ngazi pana zilizochongwa na upepo na mawimbi. Watalii huja kupiga picha weupe wake, nasi tulikuja kwa sababu ya kile kinachoufanya uwe mweupe. Mwamba huu, unaojulikana kwa jina la Trubi, ni mchanganyiko wa chokaa na udongo mfinyanzi ulioanza kutuama chini ya bahari yenye kina cha mamia ya mita zaidi ya miaka milioni 5 iliyopita, na sehemu kubwa ya chokaa hiyo ni magamba ya foraminifera walioelea na vibamba vya mwani mdogo mno, ambao hata hadubini ya kawaida ya kuokotea haiuonyeshi. Jabali lenyewe linalindwa na haliruhusiwi kuguswa, hivyo tulilitazama kwa mbali, kisha tukaenda kuchukua vipande vya tabaka hilohilo kwenye mwinuko ulio mbali na njia ya wageni, tukiwa na kibali mkononi.

Kutoka ufukweni mtu huona mistari: kijivu, nyeupe, rangi ya mchanga, nyeupe tena, kisha kijivu, na mpangilio huo ukijirudia hadi juu. Mhimili wa dunia huyumba polepole kama pia iliyopungukiwa na kasi, na kuyumba huko, kukichanganyika na mgeuko wa njia ya dunia kulizunguka jua, hufanya mzunguko wa takriban miaka 21,000 unaobadilisha mvua na joto la eneo hili. Bahari iliandika mabadiliko hayo kwa kutuamisha chokaa nyingi zaidi kipindi kimoja na udongo mwingi zaidi kipindi kingine. Wataalamu waliihesabu mistari hiyo pwani hii, wakailinganisha na hesabu za wanaastronomia, na kutokana nayo tunaweza kutaja umri wa tabaka fulani kwa uhakika ambao miamba mingi duniani haiwezi kutupatia. Nilisimama pale kwa muda mrefu nikihesabu, nikafika kumi na moja, kisha majabali yaliyoporomoka yakanikatia hesabu.

Siku ya pili: Eraclea Minoa

Siku hii ndiyo niliyoingojea tangu nilipoanza masomo. Katika majabali ya Eraclea Minoa ndipo palipochaguliwa kimataifa kuwa alama ya mwanzo wa enzi ya Zanklea, yaani mwanzo wa zama za Plaiosini, na umri wake ni miaka milioni 5.33. Jina la enzi hiyo linatokana na Zancle, jina la kale la mji wa Messina, na enzi iliyotangulia nayo huitwa Mesinia kwa mji huohuo. Mji mmoja umetoa majina mawili, na kati ya majina hayo lipo tukio kubwa kuliko yote katika historia ya bahari hii.

Katika enzi ya Mesinia njia za maji kati ya Mediterania na Atlantiki zilibanwa. Mvua na mito haikutosha kufidia maji yaliyokuwa yakifyonzwa na jua, chumvi ikazidi, na kuanzia karibu miaka milioni 5.97 iliyopita jasi ikaanza kujijenga sakafuni, ikafuatiwa na chumvi ya mawe ambayo katika vilindi vingine unene wake unazidi kilomita moja. Ushahidi wa ukubwa wa jambo hilo ulipatikana mwaka 1970, pale meli ya uchimbaji Glomar Challenger ilipotoboa sakafu ya Mediterania na kutoa chumvi na jasi kutoka vilindini. Miongoni mwa wanasayansi waliokuwemo melini alikuwa Maria Bianca Cita, mtaalamu wa visukuku vidogo kutoka Milano. Watu wengi huzungumzia chumvi ile na kuusahau upande wa kazi ya Cita, ilhali ni magamba ya foraminifera yaliyoonyesha kwamba juu ya chumvi hiyo mlirejea ghafla bahari ya kina iliyo wazi.

Mpaka wenyewe unaonekana kwa macho. Chini kuna tabaka la mchanga na udongo wa rangi ya kahawia iliyofifia, na juu yake, pasipo mpito wowote, inaanza Trubi nyeupe. Nilitia kidole changu cha shahada kwenye mstari huo. Katika matabaka ya mwisho ya enzi ya Mesinia, wakazi wanaotambulika ni ostrakoda, wanyama jamii ya kamba wenye magamba mawili kama ya chaza, wa aina zinazovumilia maji ya chumvichumvi kama ya wangwa na mabwawa. Ukivuka mstari unakutana na Orbulina, tufe lisilo na doa, na Globigerina mwenye vyumba vilivyofura kama shazi la zabibu, nao ni viumbe wa bahari kuu wasioweza kuishi bwawani. Bahari ilirudi, na walioleta habari za kurudi kwake hawafiki milimita moja.

Tulichukua vipande kumi na viwili, kila kimoja mfukoni mwake, kila mfuko na namba na mwelekeo wake wa juu na chini. Mwalimu alikagua kila mfuko, akakataa miwili ambayo nilikuwa nimeikwangua juujuu pasipo kwanza kuondoa tabaka lililoliwa na hewa, nami nikarudi kuichukua upya. Alikuwa na haki, kwani upepo wa leo hubandika vumbi la leo juu ya mwamba wa kale, na gamba moja lililopotea njia linaweza kumpotosha mtafiti kwa miaka.

Siku ya tatu: njiani kuelekea mashariki

Tulisafiri mchana kutwa, tukipita Gela na Ragusa. Karibu na Rosolini mwalimu alisimamisha gari kando ya barabara atuonyeshe vilima vilivyolala kwa mwelekeo mmoja, vimenyooka kama migongo ya nyangumi. Watafiti waliochunguza eneo hili wameeleza hivi karibuni kwamba mamia ya vilima vya namna hiyo huenda vilichongwa na gharika lililojaza upande wa mashariki wa Mediterania mwishoni mwa enzi ya Mesinia, maji yakimwagika kutoka magharibi kupitia kizingiti cha Sisilia. Si wataalamu wote wanaokubali kwamba bahari ilijaa kwa ghafla kiasi hicho. Mimi niliyekuwa nimegusa mstari wa Eraclea Minoa siku moja kabla naona ni rahisi kuyaamini, lakini ukali wa mstari katika mwamba hauonyeshi kama ulichukua mwaka mmoja au miaka elfu, na nililiandika hilo daftarini ili nisije nikajisahau.

Tulifika Marzamemi usiku.

Siku ya nne: kwenye nyasi za Posidonia

Nilipoamka nilikwenda ufukweni kutazama maji kwa mazoea ya nyumbani, nikitaka kujua kama ni kupwa au kujaa. Hapa swali hilo halina uzito. Maji hupanda na kushuka kwa kimo cha shubiri moja hivi, wala hakuna bamvua inayoufunua ufuko kwa mamia ya mita kama ilivyo Jambiani au Chwaka, ambako kina mama hutembea kwa miguu hadi kwenye mashamba yao ya mwani. Maana yake kwa kazi yetu ni kwamba hakuna sampuli ya kuokota ukiwa umesimama. Kila kitu hutafutwa kwa kuzamia.

Boti ilitupeleka mahali penye kina cha mita tisa. Posidonia oceanica haipatikani kiasili nje ya bahari hii, na si mwani bali ni mmea kamili wenye mizizi, maua na mbegu, na majani yake hufikia urefu wa karibu mita moja kwa upana wa kidole. Tukizama ndani ya shamba lake, mwanga ulibadilika ukawa wa kijani kibichi, na majani yote yakawa yanalala upande mmoja kisha mwingine kwa kufuata mawimbi. Mmea huu unalindwa kisheria na hukua polepole mno, hivyo tulikuwa na ruhusa ya kukata idadi ndogo tu ya majani, na hatukung'oa hata shina moja.

Jani moja la Posidonia ni mtaa mzima. Sehemu ya chini iliyo changa huwa tupu, na kadiri unavyopanda kuelekea ncha iliyozeeka ndivyo wakazi wanavyoongezeka. Planorbulina mediterranensis hujibandika bapa kama ua lililobanwa kitabuni na hahami tena. Rosalina hukaa mahali kwa muda, akaondoka. Elphidium crispum, aliye kama gurudumu lenye meno, hutambaa huku akijishikilia kwa nyuzi za mwili wake zinazotoka kupitia matundu ya gamba. Chini kwenye mashina, ambako mwanga ni haba, wapo Miniacina miniacea wekundu waliosimama kama miti midogo ya marijani, na vipande vya magamba yao ndivyo vinavyotia rangi ya waridi ufuko maarufu wa kisiwa cha Budelli, kaskazini mwa Sardinia. Mgawanyo huu una sababu iliyo wazi, kwa kuwa jani huishi miezi kadhaa kisha hudondoka, ilhali shina hudumu miaka mingi. Anayehitaji muda mrefu wa kukua hawezi kujenga juu ya jani.

Kando ya nyasi tulichukua mashapo pia. Kwa mujibu wa utaratibu ambao wataalamu walikubaliana na kuutangaza mwaka 2012, mtu huchukua sentimita moja tu ya juu, huchukua sampuli tatu zilizo mbalimbali kutoka kituo kimoja, na huzihifadhi katika ethanoli iliyotiwa rangi iitwayo rosi bengali kwa siku zisizopungua kumi na nne. Rangi hiyo hushika mwili wa seli na kuuacha mwekundu ndani ya gamba, hivyo aliyekuwa hai siku ya kuchukuliwa hutofautiana na gamba tupu. Upungufu wake ni kwamba mwili uliokufa karibuni nao hushika rangi, na kwa hiyo anayehesabu hana budi kuwa mkali: chumba cha mwisho kikiwa kitupu, au wekundu ukiwa wa madoadoa tu, hahesabiwi.

Jioni nilifanya kosa ambalo bado linaniuma. Nilikuwa nimeandika namba za chupa tatu kwa kalamu ya wino kwa nje, badala ya kutia ndani ya chupa karatasi ngumu iliyoandikwa kwa penseli. Ethanoli ilivuja kwenye kifuniko kimoja, ikafuta maandishi ya zote tatu, na sampuli tatu za kituo kimoja zikawa hazijulikani ni zipi. Tulizimwaga. Ilikuwa kazi ya saa mbili za kuzamia kwa watu wawili.

Siku ya tano: Vendicari

Asubuhi tulikwenda kwenye mabwawa ya hifadhi ya Vendicari. Tope lake ni jeusi na lina harufu ya yai bovu, na heroe walikuwa wakilichota mbele yetu. Katika maji ya namna hii aina za foraminifera huwa chache na walio wengi ni wa jenasi (kundi la spishi za karibu) iitwayo Ammonia, pamoja na ostrakoda Cyprideis torosa. Nilifurahi kumwona Cyprideis, kwa kuwa jenasi yake ndiyo iliyozagaa katika Mediterania wakati ilipokuwa imegeuka maziwa ya chumvichumvi mwishoni mwa Mesinia. Anayetaka kufahamu tabaka lile la kahawia la Eraclea Minoa hana haja ya kubuni; bwawa hili litamwonyesha namna kiumbe wa aina ile anavyoishi, anavyovumilia na anavyozidi wenzake.

Ammonia ana historia inayostahili kutajwa. Mwaka 1731 Jacopo Bartolomeo Beccari wa Bologna aliandika kuhusu magamba madogo mno aliyoyakuta katika mchanga wa kale wa bara, na mwaka 1739 Giovanni Bianchi alieleza yale aliyoyapata katika mchanga wa ufukwe wa Rimini. Linnaeus akampa kiumbe huyo jina la beccarii mwaka 1758, akidhani ni ndugu wa nautilo, jamaa wa pweza mwenye gamba. Jina foraminifera, lenye maana ya wabeba matundu, lilitolewa na Alcide d'Orbigny mwaka 1826, naye pia akiwahesabu kuwa jamaa za pweza, hadi Félix Dujardin alipoonyesha mwaka 1835 kwamba ndani ya gamba hamna mikono wala kichwa, bali mwili mmoja laini usiogawanyika. Kwa zaidi ya miaka mia moja, basi, watu walisoma nyumba pasipo kumjua mwenyeji, na aliyelitegua fumbo ni yule aliyemtazama kiumbe akiwa hai.

Siku ya sita: Capo Passero

Hii ni ncha ya kusini-mashariki ya Sisilia. Tulipiga mbizi kwenye mwamba wenye mwani mfupi, kina cha mita nne, tukausugua kwa brashi huku mfuko ukiwa umewekwa chini yake. Kabla ya kurudi nchi kavu nilimimina kidogo katika bakuli jeupe, nikaona vitu vya rangi ya asali, vya duara, vilivyofura katikati kama dengu, ukubwa wake kama punje ya ulezi. Nilivitambua hapohapo bila kioo. Ni Amphistegina, na jenasi hiyo ndiyo iliyojaa katika mchanga wa miamba ya Unguja, ule mchanga ninaoujua kwa nyayo tangu utotoni.

Wenzangu wenyeji walinipongeza, lakini sikuwa na furaha tupu. Amphistegina lobifera ni mwenyeji wa Bahari ya Hindi na ya Pasifiki. Njia ya maji ilifunguliwa kwake mwaka 1869 kwa Mfereji wa Suez, naye ameenea mashariki mwa Mediterania hadi kufika Malta, visiwa vya Pelagie na pembe hii ya Sisilia. Hubeba ndani ya mwili wake mwani aina ya diatomu unaomlisha kwa mwanga wa jua, na rangi ya asali ni ya mwani huo. Anahitaji bahari isiyoshuka sana chini ya nyuzi 14 wakati wa baridi, na kadiri maji yanavyopata joto mpaka wake unasogea magharibi. Katika pwani za mashariki alikozidi, magamba yake yamejilimbikiza hadi kubadilisha sakafu ya mwamba kuwa ya mchanga, na aina za wenyeji zimepungua.

Usiku tulibishana kwa muda mrefu. Mmoja wa wenzangu alisema kwamba huyu si mgeni bali ni mwenye nyumba aliyerudi, kwa kuwa katika miamba ya Plaiosini ya Italia kuna tabaka zilizojaa Amphistegina, na jenasi hiyo ilitoweka hapa baada ya dunia kuingia katika baridi. Jambo hilo ni kweli, lakini sikubaliani na hitimisho lake. Waliokuwepo zama zile waliishi pamoja na jamii nyingine ya viumbe ambayo leo haipo, na joto lao lilikuja kwa kasi iliyowapa majirani zao muda wa kuhama au kuzoea. Visukuku vinatupa kipimo cha jinsi bahari hii ilivyokuwa ilipokuwa na joto. Havimpi kibali anayeingia leo kupitia mlango uliochimbwa na binadamu.

Siku ya saba: maabara

Sampuli za Trubi ziliroweshwa katika maji yenye peroksidi ya hidrojeni hadi mwamba ukalegea, zikaoshwa juu ya chekecheo lenye matundu ya mikroni 63, yaani sehemu 63 za elfu za milimita, zikakaushwa. Gramu mia za mwamba zilibaki vumbi jeupe la kujaza vijiko vichache. Nilinyunyiza chembe chache kwenye trei nyeusi yenye miraba, nikalowanisha ncha ya brashi ya nywele tatu au nne, na kuokota moja baada ya nyingine. Karibu kila chembe ilikuwa gamba. Orbulina zilibingirika brashi ilipozikaribia, nikajifunza kuzigusa kwa juu.

Wale waliotiwa rangi itabidi wasubiri majuma mawili. Walio hai wa Capo Passero niliwaweka katika kisahani cha kioo chenye maji ya bahari, dirishani, mbali na jua kali.

Siku ya nane: maabara

Saa moja asubuhi kisahani kilikuwa tofauti na nilivyokiacha. Nilikuwa nimewaweka Amphistegina tisa katikati. Sita walikuwa wamehama, wanne kati yao wakiwa wamepanda ukuta wa kioo. Nilisogeza hadubini. Kutoka kwenye tundu la mmoja zilitoka nyuzi nyembamba zisizo na rangi, zikaenea juu ya kioo kama mizizi ya mkoko, na ndani yake chembechembe zilikuwa zikienda na kurudi bila kukoma, nyingine zikipishana katika uzi mmoja. Gamba lilijivuta, likatulia, likajivuta tena. Niliweka alama kwa kalamu chini ya kioo, na baada ya dakika ishirini alikuwa ameiacha alama hiyo kwa takriban upana wa mwili wake.

Pembeni niliweka slaidi ya mwalimu yenye Amphistegina wa Plaiosini, na mbele yake chupa ndogo ya mchanga wa Jambiani niliyokuja nayo kutoka nyumbani. Yule wa kale ni mweupe kama chaki na kingo zake zimelika, wa Jambiani ameng'arishwa na mawimbi, na wa kisahani ana rangi ya asali. Nilichora mishono ya vyumba vya wote watatu kwenye ukurasa mmoja. Mwalimu alisimama nyuma yangu akatazama mchoro, akaniambia nihesabu vyumba vya mzunguko wa mwisho kabla sijaandika jina lolote chini yake. Nilianza na yule aliye hai, kwa sababu alikuwa akielekea ukingo wa kisahani.